Mbingu Iliyotobolewa kwa Sindano

Paris, 24 Novemba 1788

Nimeanza daftari hili kwa sababu sina tena wa kumlalamikia. Bi Eulalie amechoka kunisikiliza, na kaka yake hajawahi kuanza.

Kaka yake ni Bwana Hilarion Brécourt, msanifu majengo, umri miaka sitini na minane. Huu ni mwaka wa kumi na tisa namchorea. Mtu akisikia "msanifu majengo" atauliza majengo yenyewe yako wapi. Lipo moja: zizi la farasi huko Normandy, nalo liliungua. Mengine yote yamelala kwenye kabati la ghorofani. Kuna hekalu la Akili, maktaba ya watu elfu kumi, daraja lenye simba mia. Kila nguzo ya majengo hayo nimeichora mimi kwa mkono huu, na chini pembeni ya kila karatasi pameandikwa jina lake. Langu halipo hata mahali pamoja. Nikimwambia, hujibu kwamba mpiga nyundo haandiki jina lake juu ya kanisa. Basi nami nanuna siku mbili, halafu narudi kuchonga penseli.

Leo kaja na jipya. Chuo cha Usanifu kimetangaza shindano la ukumbusho wa Newton, yule Mwingereza aliyetueleza kwa nini vitu huanguka na kwa nini mwezi hauanguki. Kaburi tupu, bila maiti, la heshima tu. Mwisho wa kupeleka michoro ni tarehe 29 Desemba. Nimemuuliza kwa nini tumjengee Mwingereza wakati wetu wamezikwa kama magunia ya viazi. Alikuwa ameinama juu ya meza, pua karibu iguse karatasi, anachora duara kwa mkono mtupu. Duara lilikuwa zuri. Mkono wake haujazeeka, macho ndiyo yamezeeka.

26 Novemba

Mto umeganda. Asubuhi nimevuka kwa miguu juu ya barafu badala ya kupita darajani, pamoja na muuza kuni na mbwa wake.

28 Novemba

Sasa nimeuelewa mpango. Ni jengo la mviringo kama chungwa, refu kupita kanisa lolote la mji huu, nusu yake imezama ardhini. Nje hakuna pambo, ni jiwe tupu na safu za miti. Unaingia kwa njia ndefu ya giza, unashuka, unapapasa, unaanza kujuta. Halafu unatokea chini kabisa ya ule uwazi mkubwa, unainua kichwa, na mchana kweupe unaona nyota. Juu kwenye jiwe yametobolewa matundu, na mwanga wa jua unapita humo. Kila tundu limewekwa mahali pa nyota yake halisi. Katikati ya sakafu pana jeneza la jiwe, na humo ndani hamna mtu.

Hili haliwezi kujengwa, kila fundi mwashi analijua. Lakini alipokuwa ananieleza nilishikwa na ubaridi mgongoni ambao haukuwa wa hali ya hewa, na nimekasirika kwa kushikwa nao.

1 Desemba

Bei ya mkate imepanda tena na foleni imezunguka kona. Mawingu mazito. Hatujaona jua tangu wiki iliyopita.

3 Desemba

Rangi ya maji inaganda juu ya karatasi. Nimepaka tabaka la kwanza la giza la ndani, nikageuka kuchukua burashi nyingine, nikarudi nikakuta majani ya barafu yamechorwa katikati ya mbingu ya Newton. Karatasi nzima imeharibika. Bwana Brécourt aliipapasa kwa kidole akasema ni nzuri kuliko yangu. Kwa hiyo sasa kikombe cha rangi kinakaa jikoni ndani ya maji moto, pembeni ya supu ya kabichi, na Bi Eulalie anasema akikuta wino kwenye supu mara ya pili ataninywesha yote peke yangu.

4 Desemba

Nimeanza nyota. Karatasi mpya imevutwa juu ya fremu ya mbao, nyuma iko wazi, kwa sababu anataka zitobolewe kweli, mwanga ukiwekwa nyuma ziwake mbele ya waamuzi. Ni nyota elfu moja na mia mbili. Bi Eulalie amelitoa tufe la nyota la marehemu mjomba wao, lile la shaba linalokaa sebuleni na kofia juu yake. Napima kwa bikari kutoka kwenye tufe, nahamisha, natoboa kwa sindano. Napima, nahamisha, natoboa.

Sheria ya chumba hiki, tangu siku yangu ya kwanza, ni kwamba mchoraji hatazami dirishani. Anatazama anachonakili, na karatasi. Niliwahi kupigwa rula vidoleni kwa ajili ya ndege aliyepita.

8 Desemba

Napima, nahamisha, natoboa. Kila jioni kabla sijaondoka anauliza, "Nyota zikoje, Anselme?" Nami namweleza. Leo nimemaliza kiuno cha Jabari, yule mwindaji wa mbinguni, leo nimefika kwenye mkia wa Simba. Anafumba macho akinisikiliza. Nimegundua kwamba akiyafumba au asiyafumbe, kwake ni karibu sawasawa.

11 Desemba

Nimepigwa na butwaa na bado sijazinduka.

Leo nimemaliza nyota ya mwisho. Bwana Brécourt alipitisha viganja juu ya karatasi nzima, polepole, kama mtu anayetafuta vumbi. Halafu akauliza kama kalamu nyembamba ipo karibu. Nikamwambia ipo. Akasema, "Andika jina lako pembeni. Mbingu yote ni ya mkono wako, mimi sijagusa."

Nilidhani ananidhihaki. Akanisubiri. Nikaandika, kwa herufi ndogo lakini zilizosimama vizuri: Imechorwa na Anselme Tourvoy. Miaka kumi na tisa. Nilitoka nje nikasimama kwenye baridi mpaka masikio yakaniuma, ili Bi Eulalie asinione nalia.

14 Desemba

Tabaka la nne la giza limekauka vizuri. Mawingu bado. Napita na kusoma jina langu mara nyingi kuliko inavyostahili.

17 Desemba

Ee Mungu.

Usiku mawingu yaliondoka. Nilitoka nyumbani kabla hakujapambazuka, na kwa mara ya kwanza tangu baridi ianze anga lilikuwa wazi, jeusi, nyota zimejaa. Nikasimama katikati ya mto juu ya barafu ili nizisalimie, nazijua sasa kama majirani. Juu kabisa kichwani zilikuwa zile saba ambazo kwetu watoto huziita Kikaango. Nikatabasamu. Halafu nikaacha kutabasamu.

Kikaango cha mbinguni, ukikishika mdomo ukiwa juu, mpini wake uko kushoto. Nilijizungusha pale kwenye barafu kama kichaa, nikakitazama kutoka kila upande. Mpini ulibaki kushoto. Cha kwetu, kwenye karatasi, mpini uko kulia.

Nilielewa kabla sijafika ng'ambo. Tufe la nyota hutengenezwa kama vile mtu anaitazama mbingu akiwa nje yake, mahali anapokaa Mungu. Sisi tuko ndani. Mgeni wa Newton atasimama ndani. Nyota elfu moja na mia mbili nimezitoboa moja baada ya nyingine kwa usahihi ambao sijawahi kuufikia maishani mwangu, na zote ziko kinyume. Mtoto yeyote aliyewahi kutolewa nje na mama yake angeliona hilo. Mimi nilikuwa nimeinama.

Zimebaki siku kumi na mbili. Nyota peke yake zilichukua siku nane, na giza, kwa baridi hii, si chini ya wiki mbili. Haiwezekani. Na miongoni mwa waamuzi yumo mtaalamu wa nyota, kila mtu anajua.

Na jina langu liko pale pembeni. Mchoraji aliyeipindua mbingu. Nani mjini hapa atanipa tena hata mlango wa banda niuchore?

Jioni Bwana Brécourt aliuliza, "Nyota zikoje, Anselme?"

Nikasema, "Zipo."

18 Desemba

Sijasema.

19 Desemba

Sijasema. Nilifika hadi kwenye "Bwana, kuna jambo," akaniuliza jambo gani, nikasema kuni zimekaribia kwisha.

20 Desemba

Najiambia hivi: mzee anaonja furaha yake ya mwisho, nani mimi nimnyang'anye? Ni uongo mtupu. Namwonea huruma, ndiyo, lakini nalionea huruma jina langu zaidi. Hapa angalau niandike kweli. Sijasema.

22 Desemba

Leo amekuja Florimond Quesnel, na siku nzima imeniingia nyongo.

Quesnel alikuwa mwanafunzi wetu zamani. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika bikari. Sasa ana gari la farasi wawili na anawajengea matajiri majumba yenye nguzo nne mbele, zote nne zimesimama kweli ardhini, na kwa hilo sijamsamehe. Hashindani safari hii. Alisema amekuja kumjulia hali mzee. Akanisalimia, "Shikamoo, fundi Anselme," kama zamani, nikamjibu kwa mguno.

Alisimama mbele ya karatasi muda mrefu mno. Nilimwona jicho lake linaelekea kule juu, kwenye Kikaango, likasimama. Akanitazama. Nami nikatazama burashi zangu. Halafu akamwomba mzee wazungumze faragha, wakafunga mlango, na kwa karibu saa nzima nilisikia sauti ya Quesnel ikibembeleza na ya mzee ikikataa.

Alipotoka alivaa glavu polepole akaondoka bila kuniaga. Bila shaka amekwenda kuwachekesha rafiki zake. Kumbe ndiyo sababu ya shikamoo.

Jioni mzee aliuliza, "Nyota zikoje?"

"Zipo, Bwana."

Alingoja kidogo, kisha akasema haya, nenda ukale.

25 Desemba

Krismasi. Divai imeganda ikapasua chupa. Bi Eulalie alitoa njugu za kuchoma, tukala watatu. Mzee hakuniuliza kuhusu nyota. Sijasema.

28 Desemba

Kesho. Sijasema.

29 Desemba

Naandika kwa hasira na aibu, sijui ipi imeshika kalamu.

Asubuhi nilifika kuifunga karatasi kwa safari ya Chuoni. Nikaivuta shuka iliyoifunika na kitu cha kwanza nilichokiona ni jina langu halipo. Limekwanguliwa. Mahali lilipokuwa pamebaki doa jeupe lenye nywelenywele, kazi ya mtu aliyetumia kisu kidogo bila kuona vizuri, na kando yake jina la Hilarion Brécourt peke yake, kubwa kuliko kawaida.

Nilisahau kabisa kwamba siku kumi na mbili nilikuwa natamani jina hilo lifutike. Nilichokiona ni mzee mchoyo ambaye dakika ya mwisho ameshindwa kunipa hata upana wa vidole viwili vya karatasi. Nilimbebea kazi yake mpaka Chuoni bila kumsemesha. Yeye alikuwa amenishika bega ili asiteleze barafuni, na kila alipolikaza nililegeza mwendo kidogo tu, si zaidi. Njiani nikaitunga sentensi yangu. Wakisifia mkono, nitasimama mbele ya wote niseme mkono ni wangu.

Ukumbi ulijaa. Waliiweka karatasi yetu mbele, taa ikawekwa nyuma, na nyota zikawaka. Watu walinyamaza wote. Haki ya Mungu, walinyamaza. Kwa muda ule mfupi jengo lilikuwepo, nasi sote tulikuwa ndani yake tumeinua vichwa.

Halafu mtaalamu wa nyota, mzee mmoja mwembamba mwenye skafu ya kijani, akainuka, akasogea, akacheka kwa puani. "Bwana Brécourt," akasema, "anga hili ni la nchi gani? Kikaango kimeshikwa na mtu wa mkono wa kulia."

Wengine hawakuelewa mpaka alipowaeleza. Wakaelewa. Kicheko kilianza mbele kikaja hadi nyuma nilikosimama. Mtaalamu akauliza ni nani aliyemchorea mzee kioja hiki.

Ndipo nilipopaswa kusema. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni, neno kwa neno: mkono ni wangu. Sikuhitaji kubadili chochote.

Bwana Brécourt alisimama akishikilia kiti. "Nimechora mwenyewe," alisema. "Macho yangu yamekwisha, na kiburi kilinizuia kuomba msaada. Hakuna mkono mwingine hapo."

Nami nikanyamaza. Nilimsindikiza nyumbani akiwa amenishika bega lile lile.

30 Desemba

Mzee kaamka na homa. Bi Eulalie ameniketisha jikoni akanieleza, bila kunitazama, huku anamenya kitunguu.

Quesnel hakuja kucheka. Alikuja kumweleza mzee kwamba anga liko kinyume, na kumsihi ajitoe, aseme anaumwa, karatasi isiende. Mzee akakataa. Alisema yeye ni wa kuchekwa mwezi mmoja tu, halafu watamzika, lakini Anselme ana miaka ishirini mbele yake ya kula kwa mkono wake. Alikwangua jina usiku wa kuamkia jana, Bi Eulalie akimwelekeza kisu.

"Mbona hamkuniambia?" nilimuuliza.

"Alikuwa anakusubiri wewe umwambie," akasema. "Kila jioni alikuwa anakusubiri, baba."

3 Januari 1789

Homa haishuki. Quesnel kaleta kuni na mchuzi wa kuku. Nilimfungulia mlango nikataka kumwomba radhi, nikaishia kumshika mkono kwa muda mrefu. Amekubali hivyo hivyo.

7 Januari

Chuo wamerudisha karatasi. Sijasema. Sasa sina hata kisingizio.

10 Januari

Nimesema.

11 Januari

Niandike ilivyokuwa. Nilikaa kwenye kigoda karibu na kitanda, mchana, theluji ya nje imeangaza chumba kizima. Nikamwambia, "Bwana, anga nililigeuza mimi. Nililijua tarehe kumi na saba, nikakuficha. Na pale ukumbini nilikuacha uchekwe."

Mzee akageuza uso upande wangu.

"Tangu siku ile uliponiambia zipo, nilijua kuna jambo," akasema. "Wewe hujawahi kunijibu neno moja. Kila nyota ulikuwa unaipa hadithi."

"Ungeniuliza, Bwana."

"Miaka kumi na tisa nimekuamrisha kila kitu, Anselme. Hiki nilitaka ukilete mwenyewe."

Nililia waziwazi, pua na yote. Aliniacha nilie. Halafu akasema nilete karatasi, niigeuze, niisimamishe dirishani.

Nilielewa alipotaka kufika nikiwa nimeshaibeba. Nikaisimamisha, mchoro ukitazama nje, mgongo mtupu ukitutazama sisi. Mwanga wa theluji ukapita kwenye matundu. Upande huo hakuna jengo, hakuna nguzo wala miti wala jeneza, ni karatasi nyeupe tupu iliyofifia, na juu yake nyota elfu moja na mia mbili, kila moja mahali pake. Mpini wa Kikaango uko kushoto.

Nikamsogezea fremu kitandani. Sindano ikipita huacha ukingo mdogo uliovimba upande wa pili, kwa hiyo upande ule vidole vyake vilisoma kila kitu. Alizikuta zile saba bila msaada wangu, akazifuata moja moja mpaka mwisho wa mpini, akarudi, akazifuata tena.

"Nyota zikoje?" akauliza.

Nikamweleza. Nilimweleza mpaka sauti ikanikauka, kiuno cha Jabari, mkia wa Simba, zote. Ilichukua muda mrefu na hakuna aliyetukatiza.

Nilipomaliza akauliza kama kalamu nyembamba ipo karibu. Nikamwambia sistahili, na kule mbele kumekwanguliwa, wino hautakaa.

"Huku hakujakwanguliwa," akasema. "Andika."

Nikaandika.

13 Januari

Barafu ya mtoni imepasuka alfajiri kwa kishindo. Mvua inanyesha. Mzee hafungui macho.

14 Januari

Amefariki saa nne asubuhi. Bi Eulalie alikuwa amemshika mkono mmoja, mimi mwingine.

16 Januari

Tumemzika katika matope, watu watano, Quesnel akiwa mmoja wao. Jiwe alilowekewa ni fupi kuliko rula yangu.

Baada ya mazishi Bi Eulalie aliomba nimsaidie kuipandisha karatasi ghorofani. Tuliilaza kabatini juu ya daraja la simba mia, mchoro ukiwa juu kama zilivyolazwa zote, jina la Hilarion Brécourt na doa jeupe pembeni yake. Aliuliza kama naona ni vizuri ikae hivyo. Nikasema ikae hivyo. Mtu atakayeifungua siku moja atacheka kama walivyocheka Chuoni, isipokuwa akiigeuza. Tukafunga kabati, tukashuka kunywa supu.